Stensili ya uso wa mama muuza unga: kwa nini imetoka doa jeusi, na kwa nini rangi imebanduka

Swali: Mimi ni fundi wa kuandika mabango ya maduka, niko Katuba, Lubumbashi. Kwenye simu naangalia sana kazi za Mr. Brainwash na Shepard Fairey, ile michoro ya mtaani yenye rangi za pop art (sanaa inayotumia sura na vitu ambavyo kila mtu anavijua). Nilitaka kumchora mama mmoja anayeuza unga wa mahindi karibu na kwetu, ukutani, upana mita 1.5 na urefu mita 2. Nilipiga picha saa sita mchana, nikaigawa kwa programu ya bure, nikakata stensili tatu (karatasi zenye matundu ya kupitishia rangi). Uso ulitoka doa jeusi lenye meno, kingo zikavuja, na mvua za Novemba zimebandua nusu ya rangi. Nyuma ya magamba kuna unga mweupe. Nimekosea wapi? Na nikitaka kuuza nakala kwenye kitambaa, nifanyeje?

Jibu: Ndugu, una matatizo matatu na hayana baba mmoja. Doa jeusi lilitoka kwenye picha, kabla hata hujashika kopo la rangi. Kuvuja kumetoka mkononi, kubanduka kumetoka ukutani. Nitaanza na uso, maana hapo ndipo mafundi wengi wanabadilisha rangi mara tano wakati kosa haliko kwenye rangi.

Sura ya mtu inabebwa na giza na mwanga. Rangi yenyewe iko huru. Mwaka 1962, Andy Warhol, msanii wa pop art wa Marekani, alipoanza kuchapa uso wa mwigizaji wa sinema Marilyn Monroe, alitandaza kwanza mabaka bapa: waridi ya ngozi, njano ya nywele, buluu ya kope. Juu yake akachapa picha moja nyeusi kwa skrini ya hariri, yaani kitambaa cha fremu kinachopitisha rangi mahali palipoachwa wazi tu. Ondoa ile nyeusi, Marilyn hayupo tena. Geuza njano iwe zambarau, bado yupo. Fairey naye, kwenye bango lake la Obama la 2008, alitumia krimu, buluu nyepesi, nyekundu na buluu nzito. Hakuna hata moja iliyo rangi ya ngozi, na hakuna aliyeuliza huyu ni nani, kwa sababu zile rangi zimepangwa kwa ngazi kutoka mwangaza hadi giza: krimu juu, kisha buluu nyepesi, kisha nyekundu, mwisho buluu nzito.

Sasa, programu yako ilifanya nini? Kwenye picha ya kijivu, nyeusi tupu ni 0 na nyeupe tupu ni 255. Programu nyingi, usipoziambia kitu, zinakata katikati, 128: chini ya hapo nyeusi, juu ya hapo nyeupe. Mtu mweusi aliyepigwa picha saa sita mchana huku anga jeupe likiwa nyuma yake, uso wake karibu wote uko chini ya 128. Kwa hiyo ulipewa uso mzima kama doa, na yale meno ni chembechembe za picha ya simu. Maelezo mengi ya stensili yaliyoko kwenye intaneti yametengenezwa kwa nyuso za Wazungu, ndiyo maana ukiyafuata hatua kwa hatua yanakuangusha.

Mpige picha upya. Asubuhi kati ya saa mbili na saa tatu, akiwa kivulini, mwanga ukitoka upande mmoja: pembeni ya mlango wazi panatosha. Ageuze uso kidogo, usiwe wa mbele kabisa, ili pua iangushe kivuli upande wa pili. Nyuma yake pawe na ukuta wa giza kiasi, anga lisionekane. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga ili simu ipimie mwanga usoni, na usitumie flashi, kwa sababu inafuta vivuli ambavyo ndivyo unavyokwenda kukata. Kama anafunga kitambaa kichwani, angalia kisitie macho gizani.

Halafu ifungue picha kwenye GIMP, ambayo ni ya bure. Kata picha ibaki kichwa na mabega, igeuze iwe ya kijivu, itie ukungu wa pikseli 3 hadi 5 ili vinyweleo na chembe zife. Tumia amri ya Seuil (kwa Kiingereza Threshold), ile inayokata kijivu kuwa nyeusi na nyeupe, lakini wewe ndiye uchague mahali pa kukata, kwa kuangalia uso peke yake. Kama uso wake unaanzia 20 na kuishia 150, basi jaribu 110, 75 na 45. Kila mkato ni stensili moja: ya kwanza ni kila kilicho chini ya 110, ya pili chini ya 75, ya tatu chini ya 45. Rangi ya msingi ukutani inakuwa ngazi ya nne, ile ya mwangaza wa paji la uso, ncha ya pua na mashavu. Namba hizo ni mfano. Za kwako zitategemea picha. Kipimo ni hiki: weka simu mbali, rudi nyuma mita tatu. Mkato wa 45 peke yake, weusi ule tu, unapaswa tayari kufanana naye. Kama haufanani, usikate chochote. Rudia picha.

Ukubwa nao ulikuchosha bure. Karatasi ya A4, ukitoa pembe na sehemu ya kubandikia, inakubakizia kama sentimita 19 kwa 27. Kujaza mita 1.5 kwa 2 unahitaji karatasi 64 kwa kila tabaka (yaani kila stensili), yaani 192 kwa matabaka matatu, na ukikosea kuziunga kidogo kidogo, kufika chini jicho limehama. Kata stensili ya uso tu, sentimita 70 kwa 100. Hiyo ni karatasi 16 kwa tabaka, 48 kwa yote. Mabega, kitenge na ndoo ya unga vichore kwa mkono kwa kugawa viboksi, kama unavyofanya kwenye mabango. Hapo wewe una mkono kuliko wachoraji wengi wa stensili, utumie.

Karatasi ya fotokopi haifai kupuliziwa. Ibandike juu ya karatasi ngumu ya gramu 250 hadi 300, au juu ya plastiki nyembamba inayokatika kwa kisu, na ukate vyote pamoja. Anza na matundu madogo ya macho na pua, maliza na makubwa, kwa sababu karatasi iliyokwisha kutobolewa sana inalegea na kisu kinateleza. Kwenye kona, zungusha karatasi, mkono utulie. Ubadilishe wembe mara tu unapoanza kuchana badala ya kukata.

Vipande vinavyoelea, kama mwangaza wa mboni au ncha ya pua, vinahitaji madaraja ya kuvishika, yaani vipande vyembamba vya karatasi usivyovikata. Kwa ukubwa huu daraja lisipungue milimita 8. Na hapa kuna siri ambayo inaokoa kazi nzima: daraja la stensili ya kwanza liweke mahali ambapo stensili ya pili au ya tatu itapita juu yake. Litafunikwa, na hakuna atakayejua lilikuwepo. Yale ya stensili ya tatu ndiyo pekee utakayoyaziba kwa brashi. Kwenye kona zote nne za kila stensili, mahali palepale, toboa pembetatu ndogo. Ukipuliza tabaka la kwanza, weka alama hizo ukutani juu ya vipande vya selotepu ya karatasi, na tabaka zinazofuata zikae hapohapo.

Kuvuja kuna sababu nne, na kwa kawaida zinakuja mbili mbili: stensili haikugusa ukuta, kopo lilikuwa karibu mno, ulipuliza kwa pembe, au ulitaka rangi ifunike kwa mara moja. Tikisa kopo dakika mbili baada ya kusikia kigololi. Simama sentimita 15 hadi 20, uelekeze moja kwa moja ukutani, anzia nje ya tundu na umalizie nje, mkono ukitembea muda wote. Pitisha tabaka mbili au tatu nyepesi, ukiacha dakika chache kati yake. La kwanza lionekane kama vumbi tu. Gundi ya kupuliza ya kubandika na kubandua inasaidia sana: ipulize nyuma ya stensili, isubiri mpaka inanate bila kulowesha kidole, ndipo ubandike. Ukiikosa, tumia selotepu ya karatasi pembeni na mtu wa kukushikia madaraja kwa kijiti. Kwenye ukuta wenye chembe, achana na kopo kabisa. Chukua sponji au rola ndogo na rangi ya maji, izungushe juu ya gazeti hadi iwe karibu kavu, ndipo ugonge juu ya stensili. Inachelewa, lakini haiingii chini.

Rangi ya mafuta ya kopo ina tabia moja ya kuudhi. Ukipuliza tabaka lingine baada ya kupita masaa manne au matano, wakati la chini limekauka juu tu, linakunjamana kama ngozi ya maziwa. Soma kopo, mengi yanataka urudie ndani ya saa moja au usubiri siku nzima na zaidi.

Sasa ukuta. Unga mweupe nyuma ya magamba ni chokaa. Rangi yako ilishika chokaa vizuri sana; ni chokaa iliyoachia tofali. Jua kutofautisha, maana dawa si moja. Kama nyuma ya gamba pangekuwa na utelezi unaonata kama sabuni, ungekuwa umepaka rangi ya mafuta juu ya simenti changa: alkali ya simenti inageuza mafuta kuwa sabuni kwelikweli. Kama pangekuwa na fuwele nyeupe zenye ladha ya chumvi, hasa sentimita 50 au 60 za chini, huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, na hakuna rangi itakayoushinda. Hapo unainua picha juu ya mstari huo, au unaacha mkanda wa giza chini ambao utakuwa ukiupaka kila mwaka.

Kwa ukuta wako: kwangua chokaa yote kwa brashi ya waya, osha, acha ukauke. Pitisha kiganja, kikitoka cheupe, bado. Bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Ikija na unga, bado. Watu wengine wanapaka gundi nyeupe ya mbao ili kufunga unga. Ndani ya nyumba sawa, lakini nje inalainika tena ikilowa, na mvua ya kwanza itakurudishia tatizo lilelile. Nunua rangi ya msingi (primer) ya nje ya kufunga kuta zenye unga.

Kama ni tofali tupu zenye mifereji mirefu ya simenti kati yake, stensili haitalala kamwe. Piga plasta kwenye eneo la picha tu, mita 2.5 kwa 3, simenti 1 kwa mchanga 4 au 5, unene milimita 12 hadi 15, uimwagilie siku za mwanzo isipasuke, kisha uisubiri siku 28. Baada ya hapo bandika kipande cha plastiki cha nusu mita, uzibe pande zote kwa selotepu, ukiache mpaka kesho. Ukikuta matone nyuma yake, ukuta bado unatoa maji. Ukiwa mkavu, tabaka moja la rangi ya msingi na mawili ya rangi ya maji ya nje. Eneo hilo ni mita za mraba 7.5, na kwenye plasta mpya lita moja inapita kama mita za mraba 6 kwa tabaka, kwa hiyo lita 3 za nyeupe zinatosha kwa matabaka mawili. Mabaka makubwa ya rangi yapake kwa rola. Kopo la mililita 400 linafunika mita za mraba 1.5 hadi 2 tu, usilimalizie kwenye mandhari ya nyuma. Liache lifanye uso.

Kwa hali ya hewa ya Lubumbashi, ratiba inajipanga yenyewe: plasta mwezi wa tano mvua zikiisha, rangi mwishoni mwa mwezi wa sita. Asubuhi za Juni na Julai kuna baridi na umande, subiri jua liguse ukuta kabla ya kufungua kopo. Usisogeze kazi hadi mwezi wa nane au wa tisa, upepo utakubandikia vumbi jekundu kwenye kila tabaka bichi.

Uchaguzi wa rangi ndio sehemu tamu, na una sheria moja tu: zishuke kwa ngazi. Njano, chungwa, nyekundu nzito, buluu ya usiku: ngazi nzuri. Njano, waridi, zambarau, nyeusi: nzuri pia. Nyekundu na kijani zenye mwangaza sawa zikikaa jirani usoni, pua inapotea, hata kama kwa macho zinapigana kelele. Paka vibaka vinne kwenye kipande cha mbao, vipige picha ya nyeusi na nyeupe kwa simu; kama viwili vimetoka kijivu kimoja, badilisha kimoja. Njano na nyekundu zinafunika vibaya, daima zipake juu ya nyeupe au juu ya rangi iliyo nyepesi kuliko zenyewe. Zile rangi zinazong'aa kama koti la mfanyakazi wa barabarani ziache kwa kazi za ndani, maana jua la hapa litazinywa ndani ya miezi. Nyekundu ya udongo, oka (njano ya udongo), nyeusi na buluu ya ftalo ndizo zinazovumilia.

Sasa nikuambie ninachofikiri kuhusu hao unaowaangalia. Mr. Brainwash, jina lake Thierry Guetta, Mfaransa wa Los Angeles, alitokea mwaka 2008 na maonyesho makubwa, na tangu hapo mbinu yake ni ileile: uso ambao dunia nzima inaujua, stensili, matone yanayotiririka, karatasi za mabango zilizobandikwa nyuma. Nusu ya kazi inafanywa na umaarufu wa yule mtu. Wewe umechagua mtu anayejulikana mtaa mmoja, na kwa maoni yangu umechagua vizuri kuliko yeye, ila huna nafasi ya kukosea sura. Kile cha pop usikitafute kwenye rangi kali tu. Warhol alianza na makopo 32 ya supu ya dukani, kitu ambacho kila mtu alikuwa nacho jikoni. Mama huyu ana meka ya kupimia unga. Kata stensili moja ndogo ya meka, irudie safu nyuma ya kichwa chake, kila moja rangi yake, na ukuta utakuwa wa pop bila kuazima Marilyn wala Mickey. Matone ukiyataka, changanya rangi ya maji iwe nyepesi, uiache itiririke kutoka kwenye mabaka kabla ya tabaka la giza. Ukiyatia mwisho yanapita juu ya macho na kuua uso. Unaweza pia kuhamisha nyeusi milimita 3 au 4 kutoka kwenye mabaka, kwa makusudi, kama chapa za Warhol. Mdomoni na kitambaani inapendeza, machoni usithubutu.

Kwa nakala za kuuza, kumbuka uko kwenye mji wenye mazoea hayo. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa 1947, na wenzake wa miaka ya 1970 walichora Mamba Muntu (nguva) na Colonie belge (mateso ya wakati wa ukoloni wa Wabelgiji) tena na tena kwa ajili ya kuta za sebuleni, mara nyingi kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Magunia yale yalikuwa ya pamba. Ya leo yaliyofumwa kwa plastiki hayashiki rangi, ukiyakunja inadondoka. Tumia merikani, kitambaa cheupe cha pamba. Ivute kwenye fremu, paka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji (ndani ya nyumba inaruhusiwa), kisha matabaka mawili ya akriliki nyeupe, yasugue kwa msasa laini. Stensili iwe ndogo, sentimita 40 kwa 55, na iwe ya plastiki: ile ya karatasi inachoka kingo baada ya nakala chache. Amua idadi kabla ya kuuza ya kwanza, tuseme 20, andika nyuma 1/20, 2/20, pamoja na mwaka na sahihi, na usiongeze baadaye hata mteja akikuomba.

Karatasi mbili uwe nazo mkononi. Moja ni ya mwenye ukuta, na kama ukuta unatazama barabara pita pia ofisini kwa bugumesta (mkuu) wa komini kabla ya kuanza. Nyingine ni ya mama mwenyewe: anakubali uso wake uchorwe, na mmekubaliana atapata nini kwa kila nakala. Picha iwe uliyoipiga wewe. Bango la Obama lilimfikisha Fairey mahakamani na shirika la habari la AP, kwa sababu lilitokana na picha ambayo Mannie Garcia aliipiga akifanyia kazi AP, na wakamaliza kwa makubaliano mwaka 2011. Mwaka huohuo Guetta alishindwa kesi Marekani kuhusu picha ya kundi la rap la Run-DMC iliyopigwa na Glen E. Friedman.

Vanishi ya nje isiyong'aa, ya maji, ipake baada ya wiki mbili, na uijaribu kwanza kwenye kona, maana vanishi ya tina (kiyeyushi cha rangi ya mafuta) inaweza kukunja rangi ya kopo. Stensili za plastiki zifute kwa tina kila baada ya nakala tatu au nne, kabla ya rangi kujaa kwenye kingo na kufinya macho, na uzihifadhi zikiwa zimelala bapa.